Kikao cha Mpango wa Uvuvi Kiitwe Mbalamwezi

Tuliwahi kuitisha kikao cha wadau kwenye mwalo mmoja, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, kusini mwa Kigoma, Ziwa Tanganyika. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kipindi cha giza, yaani siku ambazo usiku hauna mwezi. Wavuvi walikuwa ndiyo kwanza wametoka ziwani. Wengine walisinzia pale pale kwenye benchi, na kina mama walikuwa mchangani wanaanika dagaa wawahi jua. Karatasi ya mahudhurio ilijaa saini, tukarudi ofisini kuandika mpango. Haukufuatwa hata msimu mmoja. Kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo najua kwamba mtu wa ziwa hupatikana mbalamwezi. Kipe, chombo cha kuvulia dagaa, huvua kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa vizuri. Siku hizo vyombo viko nchi kavu, nyavu zinashonwa, mashine zinatengenezwa, watu wana nafasi ya kukaa na kubishana. Kikao kiitwe hapo, mchana, dagaa wakishaanikwa.

Kushirikishwa huku hakutokani na hisani ya ofisa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kifungu cha 18, inamruhusu Mkurugenzi wa Uvuvi kuingia makubaliano na jamii za mwaloni ya kusimamia eneo lao la maji. Ndipo vilipopata nguvu vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo sote tunaviita BMU. Kikundi kinaweza kupendekeza maeneo ya mazalia yasiguswe na kushiriki doria. Halmashauri nayo inaweza kuyatungia mapendekezo hayo sheria ndogo.

Lakini mdau ni nani? Tukisema wadau, mara nyingi wanaoitwa ni wenye vipe na viongozi wa kijiji. Wanaovuta wavu usiku hawaitwi, fundi mitumbwi haitwi, mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto Malagarasi haitwi, ingawa udongo wa shamba lake huishia ziwani. Na mkaushaji wa dagaa akiitwa, mara nyingi anaishia kupika chakula cha kikao.

Mkaushaji mmoja alinifundisha jambo ambalo daftari zetu za takwimu hazikuwa nalo. Alichota dagaa kiganjani, akawatenga kwa kidole: huku waliokomaa, huku wadogo, laini, karibu uone ndani yao. Akanieleza kuwa wale wadogo wakikauka huvunjika na mchuuzi anayepeleka Tabora huwakataa, kwa hiyo yeye huwajua mapema kuliko yeyote. Alijua ni majuma yapi huletwa kwa wingi, na kwamba hutoka karibu na ufuko. Ndivyo ilivyo kitaalamu: dagaa wachanga wa Tanganyika hukulia maji ya karibu na nchi kavu kabla ya kwenda kilindini, ndiyo maana kokoro, wavu ambao hukokotwa ufukweni na kanuni zimeupiga marufuku, huwamaliza kabla hawajazaa. Samaki waitwao migebuka nao hula dagaa hao hao. Wazee wanaovua kwa kamba wana elimu yao pia. Wanajua miamba ambako samaki aitwaye kuhe, dume na jike, hulinda watoto wao kwenye maji mafupi. Ramani ya mazalia ianze kwa watu hawa, halafu mtaalamu apime.

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane na kukua. Nauunga mkono upumzishaji huo. Hata hivyo, miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayelipwa kwa usiku aliovua, na kwa mama anayenunua karai moja la dagaa kwa mkopo. Swali la watakula nini liulizwe kabla tarehe haijapangwa, na waulizwe wao wenyewe.

Ziwa lenyewe ni la nchi nne. Kongo ina takribani asilimia 45, sisi 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mkataba wa pamoja ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao Bujumbura. Mvuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, akiambiwa apumzishe ziwa, huuliza kwanza kama wa ng'ambo naye anapumzika. Ni swali la haki. Mwakilishi wa BMU aende kulisemea kwenye meza hizo za juu, na akirudi awaeleze wenzake alichojibiwa.

Ndugu zangu wa mwaloni, mkiletewa mpango msitie saini siku hiyo hiyo. Ombeni usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Ulizeni faini zitakwenda wapi, mafuta ya boti ya doria yatanunuliwa na nani, na mpango utapitiwa upya lini. Palipo na jambo mlilosema na halimo, lisemeni tena, na mwandishi aliandike mkiwa mnamwona.