Ufasaha na povu la maziwa

Huku Mtwara, mtu akisimama mkutanoni akashusha maneno mazito mazito, hakosi wa kumsifu: "Huyu ndiye msemaji fasaha." Mimi ni mhariri wa Kiswahili na sifa hiyo hunikera, maana asili ya neno lenyewe inasema kinyume.

Fasaha tumelipata kwenye Kiarabu, katika mzizi wa herufi tatu: fa, swadi na ha. Waarabu wa kale waliutumia hata kwa maziwa. Maziwa yakikamuliwa hujaa povu juu. Povu likishaondoka yakabaki maziwa yenyewe, husemwa yamekuwa fasihi. Ulimi nao ukapewa sifa hiyo hiyo: maneno yaliyotolewa povu. Sisi tukatanguliza u- yetu, kama kwenye urahisi na uhodari, tukapata ufasaha. Nduguye, fasihi, tukamtwika hadithi, mashairi na tamthilia.

Waliosoma chuo cha Kurani, Mikindani au Kilwa, wanaijua aya ya 34 ya Sura ya Al-Qasas, Nabii Musa anapomwombea nduguye Harun awe msaidizi wake kwa kuwa ana ufasaha wa ulimi kumshinda yeye. Katika Sura ya Taha anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na sababu anaitaja: watu wapate kufahamu kauli yake. Hakuomba msamiati mgumu.

Wengi huchanganya fasaha na sanifu, na sisi watu wa Kusini mchanganyo huo unatuumiza. Usanifu ni jambo la kukubaliana. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi 1930. Ufasaha haupitishwi na kamati. Mmakonde au Mmwera mwenye lafudhi ya kwao anaweza kuwa fasaha kabisa, na msomi aliyebobea kwenye sanifu asieleweke. Lafudhi si povu.

Povu ni hili. Chukua tangazo la chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho, la aina tunayoiona kila mara: "Zoezi la ufanyikaji wa malipo litatekelezwa baada ya kukamilika kwa mchakato wa uhakiki wa taarifa za wakulima." Sarufi haina kasoro. Lakini vitenzi karibu vyote vimegeuzwa majina, anayelipa hayumo, na mkulima kawekwa mwisho kabisa. Mimi ningeandika: "Tukimaliza kuhakiki majina na akaunti zenu, tutawalipa." Zoezi limeondoka, mchakato umeondoka, na hakuna kilichopotea.

Tena likisomwa hivyo mbele ya wakulima, hata yule aliyekaa nyuma chini ya mkorosho atauliza papo hapo: "Mtamaliza lini?" Tangazo lile refu halikuwa na tarehe, na katibu atalazimika kuiandika.