Dodoso huanza na jedwali tupu

Swali lililonifunza kazi hii ya kuandika madodoso ya utafiti lilikuwa na maneno matano: "Je, mnapata maji kwa urahisi?" Nililiandika mwenyewe na nikalipenda. Lilikuwa fupi, Kiswahili chepesi, hakuna mdadisi ambaye angejikwaa kulisoma. Tukaingia nalo kwenye utafiti wa awali wa mradi wa maji, na karibu kila kaya ikajibu ndiyo. Ndiyo hiyo ilitoka kwa watu waliokuwa wakiamka jogoo hajawika ili wawahi foleni. Kwao hali ilikuwa ni ileile ya siku zote, na mtu hupima urahisi kwa alichokizoea.

Mradi ukachimba visima, foleni zikapungua, tukarudi kufanya tathmini ya mwisho na swali lilelile. Karibu kila kaya: ndiyo. Kwenye ripoti ikaonekana kama hatukufanya kitu. Mfadhili alishangaa, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kosa lilikuwa limekaa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, kabla mdadisi yeyote hajagonga mlango wa mtu.

Tangu hapo siandiki swali kabla ya kuchora jedwali. Nachukua bangokitita la mradi, yaani jedwali la malengo na viashiria vyake, nasimama kwenye kiashiria kimoja kimoja, kisha nachora jedwali kama litakavyokaa kwenye ripoti ya mwisho: kichwa chake, safu zake, mistari yake, ila visanduku vyote vitupu. Halafu najiuliza, ili kisanduku hiki kijae, nahitaji namba gani, na nani anaijua?

Tuchukue maji hayohayo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana mpango wa pamoja wa kufuatilia maji na usafi, na kwao kaya ina huduma ya msingi ya maji ya kunywa ikiwa chanzo chake kimeboreshwa (kama bomba au kisima kilichokingwa) na safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi haizidi dakika 30. Chora jedwali la kiashiria hicho na utaona linadai mambo matatu: chanzo ni kipi, kiko hapohapo nyumbani au nje, na kama kiko nje, dakika ni ngapi. Maswali matatu, na hakuna hata moja lenye neno "urahisi".

Jedwali linakuonyesha pia jambo ambalo wengi hulikosa, yaani kigawanyo: idadi ya kaya unayogawia ili kupata asilimia. Kaya yenye bomba uani itaruka swali la dakika, na ni sawa iruke. Lakini mchambuzi asiyejua hilo atatafuta asilimia kwa kutumia kaya zilizojaza dakika tu, na kaya zenye huduma nzuri kuliko zote zitakuwa zimetupwa nje ya hesabu. Nimeona ripoti zilizopita mikononi mwa watu wenye akili zao zikiwa na kosa hili hili. Ukichora jedwali mapema, ukaandika chini yake "kaya zote zilizohojiwa", mwenye kuchambua hana pa kukosea.

Faida nyingine ya jedwali tupu ni kufukuza wageni. Kwenye kikao cha kupitia dodoso kila mtu ana swali lake analolipenda. Mtu wa mawasiliano anataka kujua kama watu wanasikiliza redio, mtu wa kilimo anataka aina za mbegu, mkurugenzi anataka "maoni ya jumla". Siku hizi sibishani. Nauliza tu: hili linaingia jedwali lipi? Kama hakuna jedwali, swali linabaki mezani. Dodoso lenye kurasa 20 haliongezi maarifa. Linaongeza usingizi, na majibu ya ukurasa wa 15 hufanana kwa namna ya kutia shaka.

Kabla ya kubuni swali jipya, azima. Watu wameshahangaika kabla yako, wakajaribu, wakapimana. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ulemavu. Uliza "Je, una ulemavu?" na utapata hesabu ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu mzee asiyeona vizuri atakwambia ni uzee tu, na mwingine hataki kuitwa hivyo. Kundi la Washington, lililoanzishwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, lina maswali mafupi 6 ambayo hayataji ulemavu popote. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusaidia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Aliyejibu "shida kubwa" au "hawezi kabisa" hata kwenye moja tu anahesabiwa. Usiyakate, usiyaunganishe, wala usiongeze utangulizi unaosema "sasa tutakuuliza kuhusu ulemavu". Ukifanya hivyo umeyavunja.

Kipimo cha njaa ya kaya nacho kina fundisho. Kinauliza maswali matatu kuhusu wiki nne zilizopita, na kila linapojibiwa ndiyo, linafuatwa na swali la mara ngapi. Hapo "mara chache" si hisia ya mtu: ni mara 1 au 2. "Wakati mwingine" ni mara 3 hadi 10, na "mara nyingi" ni zaidi ya 10. Ukiacha maneno hayo yaelee bila namba, kila mdadisi atakuwa na kamusi yake, na utakachokuwa unapima ni wadadisi, si njaa.

Sasa lugha. Madodoso mengi hutufikia yametafsiriwa, na tafsiri huwa sahihi kisarufi huku swali likiwa limepotea njia. Angalia "Umetumia dawa msimu huu?" Aliyeandika alikuwa na maana ya dawa ya wadudu shambani. Nilimsikia mhojiwa akijibu: ndiyo, alikuwa na malaria. Mdadisi akaweka alama kwenye "ndiyo" na kuendelea. Au "Una watoto wangapi?" Mtu atakutajia aliowazaa, anaowalea, na wa marehemu dada yake, na hajakosea hata kidogo, maana hao wote ni watoto wake. Kama unataka aliowazaa, sema "uliowazaa wewe mwenyewe". Kama unataka wanaokula na kulala pale, uliza hivyo. "Wiki iliyopita" kwa mmoja ni Jumatatu hadi Jumapili, kwa mwingine ni siku saba kuanzia jana kurudi nyuma. Andika "siku saba zilizopita, ukianzia jana" na umwachie mdadisi kalenda.

Kiambishi kimoja nacho kinatosha kuharibu. "Unatumia chandarua?" inamuuliza mtu mmoja, "mnatumia chandarua?" inauliza kaya nzima, na wadadisi huchanganya hizo mbili bila kujua wamebadilisha kizio cha utafiti. Mimi huandika kiambishi hicho kwa herufi nzito. Watu hucheka, lakini wanakiona.

Na lipo swali lenye vichwa viwili: "Je, mafunzo yalikuwa mazuri na yalikusaidia?" Yalikuwa mazuri, hayakumsaidia. Ajibu nini? Ukiona "na" au "au" katikati ya swali, simama kwanza.

Upande wa majibu nitapita haraka, isipokuwa kwa jambo moja. "Sijui", "amekataa kujibu" na "haimhusu" ni vitu vitatu tofauti, na kisanduku kitupu ni cha nne. Vipe kila kimoja namba yake, na namba hiyo isiwe inayoweza kuwa jibu la kweli. Niliwahi kupokea faili ambamo wastani wa watoto kwa kaya ulikuwa wa kustaajabisha. Kumbe "sijui" ilikuwa 99, na kompyuta, isiyojua mzaha, ilijumlisha kila kaya hiyo kama yenye watoto 99. Siku hizi natumia namba hasi kama -99, ili hata mchambuzi mvivu ashtuke.

Kazi nyingi sasa inafanywa kwa simu au kishkwambi. Programu za kukusanyia takwimu kama ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, na KoboToolbox, iliyojengwa juu yake, zote zinakubali dodoso lililoandikwa kwenye lahajedwali: karatasi moja ya maswali, nyingine ya orodha za majibu, nyingine ya mipangilio. Mwenye kaya ya bomba uani anarushwa swali la dakika bila mdadisi kufikiri. Umri wa miaka 230 unakataliwa papo hapo. Ni raha kweli.

Lakini raha hiyo ina mtego. Ukifanya kila swali kuwa la lazima na hukuweka "sijui", simu itakataa kusonga, jua litazidi kupanda, na mdadisi atabuni. Si kwamba ni mwongo, umemfungia mlango. Hali kadhalika kikomo kigumu. Tuseme umezuia dakika zisizidi 180. Kaya ambayo safari yake ni saa nne itaandikwa 180, na zitakapojaa 180 kwenye faili utadhani umegundua jambo. Mimi hutumia kikomo kigumu kwa yasiyowezekana tu, na kwa yanayotia shaka naweka swali la kuthibitisha: "Umesema dakika 240, ni sahihi?" Mdadisi anarudia, mhojiwa anathibitisha au anarekebisha, kazi inaendelea.

Halafu kuna saa. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na jioni. Mhojiwa anasema aliondoka saa mbili asubuhi, mdadisi aliyechoka anaandika 02:00, na kwenye faili unakuta kijiji kizima kinatembea usiku. Usimwachie mdadisi kubadilisha saa kichwani. Mpe orodha ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha saa kama alivyoitamka mtu, na hesabu ya kubadilisha iwekwe kwenye fomu yenyewe.

Jina, namba ya simu na alama ya GPS ya nyumba usivichukue kwa mazoea. Chukua kama kweli utarudi kwa mtu yuleyule, viweke kwenye faili la peke yake, na majibu yabaki na namba ya utambulisho tu.

Kilichobaki ni kulijaribu dodoso, na hapa ndipo bajeti hukatwa kwanza. Nami hapa huwa mkaidi. Kulijaribu si kusomeana ofisini. Ni kwenda kwa watu wanaofanana na watakaohojiwa, mahali ambapo hapamo kwenye sampuli, na baada ya kila swali gumu kumuuliza mtu: niliposema hivi, wewe umeelewa nini? Kaya kumi zinatosha kukutia aibu. Saa ya kupima muda iwe inatembea pia, maana dodoso ulilodhani ni la dakika 25 huchukua saa nzima mtoto akilia na jirani akiingia.

Katika mradi mwingine wa maji, miaka kadhaa baada ya ule wa kwanza, nilikwenda kujaribu swali langu jipya nililojivunia. Mdadisi akamuuliza mama mmoja: "Inachukua dakika ngapi kwenda kuchota maji na kurudi?" Mama akamtazama. "Pamoja na foleni au bila foleni?" Pamoja na foleni. "Foleni ya leo au ya Jumamosi?" Mdadisi akanigeukia mimi. Nikafuta swali palepale, nikaandika: "Mara ya mwisho ulipokwenda kuchota maji, uliondoka hapa saa ngapi?" na chini yake, "Ulirudi hapa saa ngapi?" Dakika hakuwa nazo, na kwa nini awe nazo? Saa alikuwa nazo. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa moja kasorobo asubuhi, watoto wakiwa tayari kwa shule. Fomu ikatoa dakika 105.

Tulipomaliza, nikamshukuru, kisha nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza lile swali langu la zamani, la maneno matano. Alikuwa ameshainua ndoo yake kuirudisha ndani.

"Ndiyo," akasema. "Hapa maji hayana shida."