Je, wajua kwa nini mlima wa tambiko hauamuliwi kwa mkutano mmoja?

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Arusha, ukaipita Kondoa, unafika Kolo. Hapo ndipo ilipo ofisi ya Mambo ya Kale, na ukiiacha barabara na kupanda milimani unafika Mongomi: majabali yaliyoegemeana hadi yakafanya pango lililo wazi, na kwenye kuta zake michoro myekundu ya watu warefu wembamba na wanyama. Sogea karibu uone kitu kingine juu ya michoro hiyo. Ni michirizi ya pombe ya nafaka. Wanaofika kutambika huirusha ukutani, na desturi hiyo si ya jana wala juzi.

Mhifadhi akiiona michirizi hiyo anashika kichwa. Mwenye tambiko akiiona anajua kazi imefanyika. Wote wawili wanautakia mlima mema, na ndiyo maana swali la mustakabali wake ni gumu kuliko linavyoonekana kwenye barua ya mwaliko wa kikao. Serikali ikitaka kupanga matumizi ya mahali kama hapa, imwulize nani? Na aulizwe vipi?

Tuanze na mvua, maana bila mvua huwezi kuuelewa mlima wowote wa nchi hii ya kati. Dodoma hupata wastani wa takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Mawingu yakichelewa wiki chache, mtama na uwele vinakauka vikiwa bado vidogo. Kwa watu wanaoishi hivyo, tambiko la mvua halijawahi kuwa pambo la utamaduni. Kwa Wagogo, heshima ya mtemi ilishikamana na mawe ya mvua aliyoyarithi. Mambo yakienda kombo, mvua ikagoma au ng'ombe wakaugua, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika kazi za wanaume, wakaitoa nuksi nje ya nchi. Wasandawe wa upande wa Farkwa na Kwa Mtoro wana mapango yao na ngoma yao ya simbo. Na Warangi, wenyeji wa Kondoa, hupanda Mongomi kuomba mvua, na wengine kutafuta uponyaji.

Mwaka 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiingiza michoro ya miambani ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kinachosahaulika mara nyingi ni sababu za kuorodheshwa. Vigezo vilikuwa viwili: cha tatu, kinachohusu ushahidi wa maisha ya kale, na cha sita, kinachohusu imani na mila zinazoendelea kuishi mahali hapo. Kwa maneno mengine, yule mzee mwenye kibuyu cha pombe ni sehemu ya sifa zilizoipa Kondoa hadhi hiyo. Ukimfukuza ili kuokoa mchoro, umeokoa nusu ya urithi na kuitupa nusu nyingine.

Sheria zetu za urithi zilianzia upande mmoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hutazama kitu: jengo, kaburi, chombo, mchoro wa mwambani. Kitu unaweza kukipima, kukipiga picha, kukizungushia uzio. Maombi huwezi kuyazungushia uzio. Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977, na ule wa kulinda urithi usioshikika tukauridhia mwaka 2011. Miaka 34 hapo katikati ni mingi, na katika miaka hiyo wakazi wengi walizoea kuona kwamba ofisi inalijali jiwe kuliko wanaolitumia.

Uzio wenyewe una hadithi yake. Zamani baadhi ya mapango ya Kondoa yaliwekewa waya kuyakinga. Waya huo haukudumu. Wakazi waliung'oa wakaupeleka kwenye matumizi ya nyumbani. Mtu wa mjini atasema ni wizi, na kisheria hakosei. Lakini jiulize kwa nini hao hao hawakuwa wakigusa vitu vya tambiko vilivyoachwa pangoni bila mlinzi. Mwiko ulikuwa na wenyewe, waya haukuwa na mwenyewe.

Mwiko nao haukuwazuia wote, tusidanganyane. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Kondoa, na vita vilipokwisha ukabaki uvumi kwamba Wajerumani walifukia hazina milimani. Wapo waliochimba sakafu za mapango kuitafuta, Mongomi ikiwemo. Kwa hiyo anayesema "waachieni wenyeji, wao wanajua" naye arudi kwenye swali letu: wenyeji gani?

Kuna jambo jingine ambalo mkusanya maoni yeyote akifika Kondoa anapaswa kulijua kabla hajafungua daftari. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kupambana na makorongo yaliyokuwa yakiimeza ardhi. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika zaidi, kiasi cha kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe wakahamishwa, wakapelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya eneo. Milima ilirudi kuwa ya kijani, hilo halina ubishi. Ila familia zilizokuwa zikinywa maziwa ya zizini mwao na kusamadi mashamba kwa mbolea ya ng'ombe wao zilijifunza maana halisi ya neno "hifadhi". Ukisimama leo mbele ya watu hao na watoto wao ukasema "tumekuja kuzungumzia hifadhi ya mlima", usishangae kimya kinachofuata.

Sasa sheria inasemaje kuhusu kuuliza? Pale mlima ulipo kwenye ardhi ya kijiji, chombo chenye neno ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unaotakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inatekeleza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaeleza pia kinachotokea serikali ikitaka kuhamisha sehemu ya ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi au ya jumla. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu na Waziri ndiye anayeamua. Ni mstari mdogo kwenye karatasi, lakini kijiji chenye mlima wa tambiko kingefanya vizuri kujua mlima wake una hekta ngapi kabla mgeni hajaja kuwaambia.

Kwenye karatasi, basi, njia ipo. Tatizo ni jinsi mkutano unavyokwenda.

Unaitishwa Januari, watu wako kwenye palizi. Waliofika wanakaa chini ya mti, wanaume viti vya mbele, wanawake kwenye kanga pembeni. Mtendaji anapitisha karatasi ya mahudhurio. Mtaalamu kutoka wilayani anaeleza kwa Kiswahili cha ofisini: uendelezaji, wadau, fursa za utalii. Mwenyekiti anauliza kama kuna maswali. Kijana mmoja anauliza kuhusu ajira. Mwingine anauliza kuhusu barabara. Kisha: wanaounga mkono wanyooshe mikono. Mikono inanyooshwa, muhtasari unaandikwa, na ripoti itasema jamii imeshirikishwa.

Nani hakusema? Wa kwanza ni yule anayejua zaidi. Tambiko lina mambo yasiyotamkwa mbele ya watoto, mbele ya ukoo mwingine, wala mbele ya mgeni mwenye simu inayorekodi. Ukimtaka mzee aeleze hadharani kwa nini sehemu fulani ya pango haiingiwi, unamtaka avunje kile kile unachodai kukilinda. Atanyamaza, au atatoa jibu jepesi la kukuridhisha. Pili, Warangi wengi ni Waislamu, na Wakristo wapo. Ukimwuliza mtu mbele ya imamu wake au padri wake kama huwa anapanda Mongomi, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Halafu wapo wanawake. Kutengeneza pombe ni kazi yenye siku zake, ya kuotesha nafaka, kuanika, kusaga na kupika, na bila pombe hakuna tambiko. Lakini kwenye kikao cha "wazee wa mila" hupati jina la mpishi hata mmoja. Na mganga anayefuatwa na wagonjwa ana mahitaji tofauti kabisa na ukoo unaoshika mvua. Yeye anaweza kuhitaji pango kila wiki. Wao labda mara moja kwa msimu.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, ila ofisi nyingi zimeugeuza msemo huo kuwa njia ya mkato: wanaitwa wazee watano, wanapewa posho na soda, neno limekwisha.

Kazi inayofaa huchukua muda mrefu na inachosha. Unaanza kwa kukaa na kila kundi peke yake: wanaoshika tambiko, waganga, wanawake, wafugaji, vijana wanaoongoza wageni. Mzungumzaji akitaka kusema kwa Kirangi, aseme kwa Kirangi. Unatembea nao mlimani, maana mtu akiwa juu atakuonyesha kwa kidole kitu ambacho kikaoni asingekitaja. Unakubaliana mapema kipi kitaandikwa na kipi kitabaki vichwani. Mkutano mkuu unakuja mwishoni, ukiwa na mambo mahususi ya kuamua.

Na maswali yenyewe yasiwe ya ndiyo au hapana. "Mnataka mlima uhifadhiwe?" Nani atasema hapana? Uliza hivi: pombe inaweza kumiminwa chini ya jabali badala ya kurushwa juu ya michoro, au hilo linaharibu tambiko? Siku ya tambiko, watalii wazuiwe kutwa nzima au waruhusiwe baada ya saa fulani? Picha zipigwe wapi na wapi hapana? Ada ya kiingilio, kijiji kinapata kiasi gani na kinalipwa lini? Pakiwekwa mlango, ufunguo unakaa kwa nani? Swali la pombe, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito kuliko yote, na halina jibu wilayani wala Paris, makao makuu ya UNESCO. Linaweza kujibiwa tu na anayeirusha, na huenda jibu lake likatofautiana na la jirani yake.

Anayedhani utaratibu huu ni ndoto aitazame Australia, kwenye jabali jekundu la Uluru. Waanangu, wenyeji asilia wa eneo hilo, walirudishiwa hati ya ardhi yao mwaka 1985, wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99, na hifadhi ikawa chini ya bodi ambayo leo ina wajumbe 12, wanane kati yao wakiteuliwa na Waanangu. Tangu mwanzo walikuwa wakiwasihi wageni wasilipande jabali hilo. Wageni waliendelea kulipanda. Bodi ilipiga kura mwaka 2017, na Oktoba 26, 2019 njia ya kupandia ikafungwa rasmi. Ilichukua miaka 34, na ilifika hapo kwa sababu wenye mlima walikuwa na wingi wa viti mezani, jambo ambalo kuombwa maoni peke yake kusingewapa.

Kwetu, hatua inayorukwa mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo. Ni mrejesho. Maoni yanachukuliwa, gari linaondoka, vumbi linatua, na kijiji hakisikii tena hadi siku bango jipya linaposimikwa. Anayekusanya maoni arudi na rasimu, isomwe kwa sauti mbele ya wale wale waliozungumza, wapate nafasi ya kusema "hapa hukutuelewa" na kufuta kisichopaswa kuandikwa. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Nyingine wapewe wenye tambiko, kama wanaitaka.