CV ya kazi ya pili haianzi na shule ya msingi

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye CV za watu wenye miaka miwili mitatu kazini ni moja: wamechukua CV ile ile waliyotoka nayo chuoni wakabandika jina la mwajiri juu yake. Elimu bado inatangulia, tena kuanzia darasa la kwanza. Field (mafunzo ya vitendo ya chuo) ya wiki nane ina aya nzima, kazi yenyewe ina mistari miwili. Ukitafuta kazi ya kwanza, cheti ndicho kinachokubeba. Ya pili, mwajiri anataka kujua umefanya nini. Kwa hiyo geuza: mawasiliano, kazi, halafu elimu. Shule ya msingi iondoe, field ipe mstari mmoja. Kurasa mbili zinatosha.

Penye jasho ni kwenye maelezo ya kazi. Chukua mtunza stoo. Wengi hunakili majukumu yaliyo kwenye mkataba: "Kupokea na kutoa bidhaa." Hayo ni maelezo ya cheo, kila mtunza stoo hupokea na kutoa. Wewe andika kiasi, namna na matokeo: "Nilisimamia stoo yenye aina 420 za vipuri. Nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja; bidhaa zenye tofauti zilishuka kutoka 30 hadi 6 ndani ya mwaka." Mistari mitano au sita ya namna hiyo. Namba zitoke kwenye taarifa ulizoandaa mwenyewe, maana ndizo utakazobanwa nazo kwenye usaili. Lakini bei za manunuzi na majina ya wateja wa mwajiri wako usiyaguse: anayesoma atajua kuwa hata siri zake zitatembea hivyo hivyo.

Tarehe ziwe na mwezi. "2022–2023" inaweza kuwa miezi miwili au ishirini na minne, na msomaji mwenye mashaka atachukua miwili. Zilingane pia na mkataba wako.

Wadhamini, yaani watu wa kuulizwa habari zako, wanaharibu mengi. Ukimweka bosi wa sasa, anaweza kupigiwa simu kabla hujamwambia kuwa unaondoka. Mweke msimamizi aliyekwisha kuhama, au mkuu wa kitengo unayemwamini, na umwombe ruhusa kwanza. Barua pepe iwe yako binafsi, kamwe isiwe ya ofisi.

Ukiulizwa utaanza lini, usijibu "mara moja" kama bado una ajira. Tanzania, anayelipwa kwa mwezi na aliyepita mwezi wa kwanza kazini anatakiwa kisheria kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Ukiondoka, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe.

Kwa nafasi za serikali kupitia Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi mtandaoni, soma tangazo lote: huwa linataka wadhamini watatu, na aliye tayari mtumishi wa umma hutakiwa kupitisha barua yake kwa mwajiri. Huko kuomba kimyakimya hakupo.