Je, wajua kwa nini gramafoni ya zamani hunong'ona hata volyumu ikifika mwisho?

Gramafoni ya miaka ya 1970 inazunguka vizuri, sindano imetua, waya zimechomekwa nyuma ya amplifaya. Muziki upo, lakini kwa mbali. Ukiongeza volyumu unapata mvumo mwingi na muziki kidogo. Hukumu ya haraka huwa kwamba sindano imekwisha, au kwamba mashine imezeeka na nguvu zake zimepungua.

Mara nyingi si hivyo. Sindano iliyolika haipunguzi sauti kiasi cha kukushangaza. Inachofanya ni kukwaruza: "s" za mwimbaji zinachafuka, hasa nyimbo za mwisho karibu na lebo, na wakati huohuo inaila santuri yenyewe. Mota dhaifu nayo haigusi ukubwa wa sauti. Inapunguza mwendo, wimbo ukazama na kuyumba. Uzito wa mkono ukikosewa, sindano inaruka au inakwaruza. Kwa hiyo, sauti ikiwa ndogo sawasawa kwenye spika zote mbili, tena nyembamba isiyo na besi, usikimbilie duka la sindano. Angalia kwanza umechomeka wapi.

Katriji, yaani kile kidude cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano, nyingi za enzi hiyo ni za sumaku: sindano inatikisa kisumaku karibu na koili, na umeme unaotoka ni milivolti 3 hadi 5 tu. Soketi ya AUX inangoja kifaa kama kicheza CD, ambacho hutoa hadi volti 2. Hiyo ni tofauti ya mara 400 au zaidi. Kinachokosekana ni preamplifaya ya fono, yaani kikuza umeme kinachotangulia amplifaya. Amplifaya za zamani zilikuwa nayo ndani, nyuma ya soketi iliyoandikwa PHONO. Nyingi za baadaye ziliiacha.

Hapa ndipo kosa la pili huzaliwa: kudhani kwamba kifaa chochote cha kuongeza nguvu kitafaa, hata mixer ya maikrofoni. Sauti itapanda kweli, lakini itabaki ya kibati, kwa sababu santuri yenyewe imekatwa ikiwa imepindishwa makusudi. Besi hutikisa mfereji wa santuri kwa upana mkubwa, na mifereji imebanana kama matuta ya shamba. Plau ikiyumba sana kulia na kushoto, inabomoa tuta la jirani; ukitaka iyumbe bila kubomoa, itabidi uyatenganishe matuta, na shamba litaisha kabla hujapanda vya kutosha. Wakataji santuri walichagua njia ya tatu: kuipunguza plau isiyumbe, yaani kupunguza besi kabla ya kukata. Sauti za juu walizifanyia kinyume, wakazikuza ili zishinde mchakacho wa plastiki.

Kipimo cha upindaji huo kinaitwa RIAA, na Marekani ilikikubali mwaka 1954 kabla hakijaenea kwingine. Ukilinganisha na hezi 1,000, besi ya hezi 20 imepunguzwa takriban mara 9, na sauti ya hezi 20,000 imekuzwa zaidi ya mara 9. Preamplifaya ya fono hukuza umeme kama mara 100 na papo hapo hunyoosha kilichopindishwa, na mchakacho hushuka pamoja na sauti za juu. Santuri za mizunguko 78, kama zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, ni za kabla ya makubaliano hayo. Hizo kila kampuni ilipinda kivyake, na zinataka sindano nene zaidi.

Piga hesabu: milivolti 4 mara 100 ni volti 0.4. Hata ukifunga kila kitu vizuri, santuri itakuwa chini kidogo ya CD, na huo si ugonjwa. Gramafoni ikiwa na swichi ya PHONO na LINE, LINE huwasha preamplifaya iliyo ndani yake, kwa hiyo itumie kwa soketi ya AUX. Ukiiweka LINE kisha ukachomeka kwenye PHONO, preamplifaya mbili zinafuatana na sauti inapasuka.

Upande mmoja tu ukiwa hafifu, badilishanisha nafasi za plagi ya kushoto na ya kulia. Udhaifu ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye gramafoni. Vua kichwa cha mkono, futa pini kwa alkoholi, kisha kagua nyaya nne nyuma ya katriji: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Zisukume kwa kibanio, usizichomelee risasi zikiwa kwenye pini, maana joto linaua koili.

Kuna mashine ambazo maelezo ya sumaku hayazihusu, hasa zile za sanduku zenye spika ndani. Chomoa katriji na ipime pini zake kwa multimita. Ya sumaku itaonyesha ohmu mia kadhaa hadi 1,500 hivi. Isipoonyesha njia kabisa, ama koili imekatika au hiyo ni katriji ya kauri au ya fuwele (crystal). Ya fuwele ni kituko: ndani yake mna chumvi ya Rochelle, ambayo wafamasia waliwahi kuiuza kama dawa ya kulainisha choo, na ambayo wanasayansi wawili ndugu wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kuwa hutoa umeme ikibanwa. Chumvi hiyo huvuta unyevu na huharibika joto likifika nyuzi 55. Katriji ya namna hiyo iliyokaa miaka mingi Mombasa au Zanzibar, sauti yake hafifu haina dawa ila kuibadilisha kwa ya kauri.

Ya kauri haihitaji RIAA wala soketi ya PHONO. Hutoa milivolti mia kadhaa, lakini inataka kuingia kwenye ukinzani wa karibu megaohmu 1. Ikiingia AUX ya kisasa yenye kiloohmu 10 au 47, besi inapotea tena, na utadhani ni ugonjwa uleule. Soketi ya gitaa kwenye mixer, iliyoandikwa Hi-Z, kwa kawaida ina hiyo megaohmu.