Diski ya pamoja ikigoma, soma kosa kabla ya kuzima chochote

"Kaka, mtandao umekufa, Z haifunguki." Z ni herufi ambayo Windows huipa diski ya pamoja, ile ambayo ofisi nzima huhifadhi mafaili kupitia mtandao. Ofisi ndogo za hapa Dodoma hunipigia sana simu za namna hii, na kabla sijatoka huuliza mambo mawili: ni wewe peke yako, dada, au ofisi nzima? Na skrini imeandika namba gani?

Naitaka namba kwa sababu ndiyo inayosema ukweli. Ikiwa 0x80070035, kompyuta haikuifikia diski kabisa. Ikiwa 0x80070005, imeifikia ila imenyimwa ruhusa. Haya ni matatizo mawili tofauti, na kuzima na kuwasha raouta kunaweza kusaidia lile la kwanza tu, tena kwa bahati.

Wakikwama wote kwa pamoja, huuliza kama umeme ulikatika. Ukirudi, vifaa huomba anwani kwa raouta, na diski iliyokuwa 192.168.1.20 inaweza kupewa 192.168.1.34 huku kompyuta za watu zikiendelea kuitafuta kwenye 20. Fungua raouta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha itengee diski anwani moja isiyobadilika. Na UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, isiwe ya diski peke yake. Raouta na swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) navyo vichomekwe humo, maana swichi ikizimika sekunde chache tu, aliyekuwa anahifadhi faili anaweza kupoteza kazi. Vumbi letu la kiangazi nalo huingia kwenye matundu ya kebo. Taa ya tundu kwenye swichi isipowaka, achana na mipangilio, badilisha kebo kwanza.

Ofisi nyingine hazina diski ya mtandao. Mafaili yako kwenye kompyuta ya mhasibu. Hapo angalia kama kompyuta hiyo imelala, au kama Windows imeuweka mtandao wa ofisi kwenye kundi la mitandao ya umma, kwa sababu ikifanya hivyo hufunga mlango namba 445 ambao mafaili hupitia.

Laptopu mpya ikikataa wakati za zamani zinaingia, tatizo huwa la kizazi. Diski nyingi za zamani huzungumza SMB1, itifaki (lugha) ya zamani ya kushirikishana mafaili, ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia kusambaa Mei 2017. Mwaka huohuo Windows 10 toleo la 1709 ikaacha kuiweka yenyewe. Windows 11 Pro toleo la 24H2 imekwenda mbali zaidi: haikubali kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Kuna mafundi wanaoirudisha SMB1 ili mteja aendelee na kazi. Mimi siirudishi. Nasasisha programu ya diski yenyewe na kumfungulia kila mtu akaunti. Diski isiyosasishika ibadilishwe.

Kuna pia faili linalofunguka kwa kusoma tu. Ukiruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, kando ya Bajeti.xlsx utakuta ~$Bajeti.xlsx: mtu amelifungua, labda kaenda kula na laptopu yake iko wazi. Usilifute hilo la pili kabla ya kumpata mwenyewe. Tatizo ni kwamba ujumbe wa Office unaosema nani amelifungua mara nyingi humtaja "User", kwa kuwa Office iliwekwa kwa jina hilohilo kwenye kila mashine. Chukua dakika chache, andika jina halisi la kila mfanyakazi kwenye mipangilio ya Office, na hamtahangaika tena kutafutana.

Sasa ruhusa, ambako ndiko naona madhara makubwa. Kwenye Windows kuna ruhusa za folda iliyoshirikishwa na ruhusa za mafaili yenyewe, na ile kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu aliyeruhusiwa kuandika upande mmoja na kusoma tu upande wa pili, atasoma tu. Fundi asiyelijua hili hujaribu huku na kule, kisha anachoka na kuwapa watu wote ruhusa zote. Simu zinakoma na kila mtu anamshukuru. Lakini kuanzia siku hiyo orodha ya mishahara, namba za NIDA na akaunti za benki za wafanyakazi ziko wazi kwa yeyote aliyeunganishwa, na kirusi kikiingia kwenye laptopu moja kinaweza kufunga kila folda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Ofisi ya watu sita nayo inatunza taarifa za watu.

Tengeneza makundi: uhasibu, utumishi, wote. Ruhusa lipe kundi, si mtu mmojammoja, na aliyeongezwa kwenye kundi atoke na kuingia upya, la sivyo hataona mabadiliko. Ikitokea kosa 1219, kompyuta hiyo tayari imeingia kwenye diski kwa jina jingine: funga mafaili yote, andika net use * /delete kwenye dirisha la amri (Command Prompt), kisha futa neno la siri la zamani lililohifadhiwa kwenye Windows.

Ukimaliza, usijaribu kwa akaunti yako ya msimamizi, kwa sababu hiyo hufungua kila kitu. Kaa kwenye kiti cha mhasibu, kwa akaunti yake, utengeneze faili, ulihariri, ulifute, kisha ujaribu kufungua folda asiyopaswa kuiona.