Haki ya kuwa na haki ni nini?

Tumezoea kusema kwamba haki za binadamu ni za kila mtu kwa kuwa tu amezaliwa binadamu. Hannah Arendt, mwanafalsafa wa siasa, aliihoji imani hiyo, naye alikuwa ameonja maisha ya kukosa uraia. Alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, akaishi miaka mingi bila uraia hadi Marekani ilipompa wake mwaka 1951. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kuhusu tawala za kiimla, na ndimo alimoeleza "haki ya kuwa na haki".

Maana yake ni kwamba, kabla ya haki ya kusema au kumiliki mali, mtu anahitaji kuwa mwanachama wa jamii ya kisiasa inayomtambua, mahali ambapo neno lake lina uzito. Arendt alitoa mfano mkali: mwizi akikamatwa hupata hakimu na wakili, ilhali asiye na uraia aliweza kufungiwa kambini bila kosa lolote. Yaani haki zinazoitwa za binadamu humponyoka mtu palepale anapobaki na ubinadamu wake tu.

Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 15, linampa kila mtu haki ya uraia. Halisemi ni dola ipi impe. Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, ambao sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha wengi wao nje, wanaishi ndani ya pengo hilo.

Sanaa hulifanya pengo hili lionekane. Kati ya 2001 na 2003, Emily Jacir, msanii Mpalestina mwenye pasipoti ya Marekani, aliwauliza Wapalestina wasioweza kuingia kwao, au kutembea humo watakavyo, angewafanyia nini huko. Mmoja aliomba maua yawekwe kwenye kaburi la mama yake Yerusalemu. Mwingine, acheze mpira Haifa na mvulana wa kwanza wa Kipalestina atakayemkuta mtaani. Mwingine alitaka tu bili yake ya simu ilipwe. Jacir alikwenda, akapiga picha, akazitundika kando ya maombi yao. Naona kazi hiyo ina nguvu kwa sababu haiombi huruma: mambo ni madogo kabisa, na kinachomtenga aliyetumwa na aliyetuma ni kijitabu kimoja cha kusafiria.

Swali gumu ni nani aidhamini haki hii, maana dola zinazoitoa ndizo hizohizo zinazoinyang'anya. Arendt alisema jukumu hilo ni la wanadamu wote kwa pamoja, lakini hakuwa na hakika kwamba linawezekana.